Shangazi Asiyejua Kupika

Kila mahali Toronto palipokuwa na Mtanzania mwenye binti wa kuolewa, watu walimjua Shangazi, na hakuna aliyewahi kumwona.

Ilikuwa hivi. Binti akikaribia kufanyiwa kitchen party, siku tatu au nne kabla ya sherehe posta iliiletea kamati ya akina mama kifurushi. Ndani yake mlikuwa na doti ya kanga, na ndani ya kanga barua ya kurasa mbili tatu iliyoandikwa kwa mkono. Mwanzo wake ulikuwa "Mwanangu," na mwisho wake "Ni mimi, Shangazi yako." Jina hapana, anwani hapana. Barua ilisomwa mbele ya akina mama peke yao, bibi harusi akiwa amekalishwa mkekani, kabla hazijaanza kutolewa zawadi za sufuria na mashuka. Watu walicheka wakashikana mabega, wakalia kidogo, wakacheka tena. Mambo yalikuwa hivyo tangu mwaka 2001, mpaka ikafika mahali binti akichumbiwa haulizwi ukumbi gani wala keki ya nani. Anaulizwa, "Shangazi anajua?"

Valeria alikuwa amezisikia barua hizo mara nane, na mara zote nane alikuwa amesimama karibu na mlango na rundo la sahani mikononi. Alikuwa msichana wa kukaa karibu na mlango. Umri wake miaka ishirini na miwili, mwaka wa mwisho chuoni, akisoma fasihi ya Kiingereza, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba dereva wa basi humwuliza mara mbili anashuka wapi. Aliishi na dada yake Gift, muuguzi, katika ghorofa ya kumi na moja huko Crescent Town. Na sasa, katika majira ya kuchipua ya mwaka 2012, bibi harusi alikuwa Gift mwenyewe.

Jibu la viza ya mama yao, aliyekuwa Muheza, lilirudi mwezi wa pili. Lilikuwa hapana, kwa mara ya pili. Gift hakulia. Alichukua sufuria iliyokwisha kuoshwa akaiosha tena.

"Sawa," alisema akiwa amekipa chumba mgongo. "Nitakaa mkekani bila mama. Nitaweza. Ila barua ya Shangazi niipate, Vale. Nikiipata hiyo, nitakuwa nimefundwa na mtu wa nyumbani."

Valeria alisema ataipata, kwa nini asiipate?

Mwezi uleule, mwalimu wake chuoni alikuwa anawafundisha juu ya vitabu visivyo na majina ya waandishi. Valeria hakuwahi kupenda somo kama alivyolipenda hilo. Kumbe miaka mia mbili na zaidi iliyopita, huko Uingereza, hadithi nyingi zilichapwa bila jina la mtu. Kwenye jalada liliandikwa "Na Bibi Mmoja," au "Na mwandishi wa kitabu kile cha mwaka juzi," basi. Wasomaji walibaki wakibahatisha na kuandika majina kwa penseli pembeni. Wanawake walijificha kwa kuona haya, au kwa kuwaogopa baba zao. Na wako wanaume waliojiita Bibi Mmoja, kwa sababu wasomaji walipenda maneno ya bibi. Mwalimu akawapa kazi: kila mmoja atafute andiko lisilo na jina, lisiwe la kitabuni, na aeleze huko kutokuwa na jina kunalifanyia nini.

Valeria hakuwa na haja ya kufikiri. Alikwenda kwa Anti Dative.

Anti Dative ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya akina mama, mtu wa Bukoba, mpana, mwenye kicheko cha kufungua madirisha. Barua zote alizihifadhi kwenye kopo la biskuti juu ya kabati.

"Mawe, mama yangu! Unataka kumtafuta Shangazi?" alisema akilishusha kopo. "Mimi nimemtafuta miaka kumi na moja. Kwanza nilidhani ni Mama Zephania, lakini Mama Zephania hawezi kuandika kurasa tatu bila kuomba mchango wa paa la kanisa. Soma, mwanangu. Lakini mikono uioshe."

Valeria alilichukua kopo, akazisoma jikoni kwao kwa siku nne. Mwandiko ulikuwa mmoja tangu ya kwanza hadi ya mwisho, herufi za kusimama wima. Lakini kadiri alivyosoma ndivyo alivyohisi kwamba Shangazi alikuwa amebadilika. Barua za mwanzo zilinukia vitunguu. Zilijua mchele mpya unataka maji kiasi gani, zilijua samaki wa barafu hudanganya. Kuanzia mwaka 2008 jiko lilififia. Shangazi alianza kusema juu ya mume: jinsi asivyojua chumvi inakaa kabati gani mpaka siku anapoitafuta mwenyewe, jinsi anavyosikia nyayo za mkewe ghorofani na kujua leo amefurahi. Yalikuwa maneno mazuri, pengine mazuri kuliko ya mwanzo. Ila jiko lilipotajwa, lilitajwa kama mji ambao mtu ameupita kwa treni.

Halafu akafika kwenye barua ya mwaka 2009, ya Cherotich. "Mchuzi wa samaki wa nazi, mwanangu, usiuharakishe. Mimina tui zito kwanza, uliache lichemke vizuri, kisha tui jepesi mwisho."

Valeria aliiweka barua chini. Mtoto wa Muheza wa miaka saba asingesema hivyo. Tui jepesi ndilo linalotangulia na kuchemka na samaki. Zito huja mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na mwiko hautoki sufuriani.

Alimpigia simu Cherotich, dada wa Kikenya aliyeolewa na Mtanzania.

"Usinikumbushe!" Cherotich alipiga kelele. "Nilifuata kila kitu vile Shangazi alisema. Ile supu ikakatika, ikawa kama maziwa ya juzi. Mzee wangu akakula yote, akanyamaza. Nikajua kweli huyu ananipenda. Mimi nimekulia Kericho, nazi ningeijulia wapi? Nilifikiri ndivyo inakuwanga."

Na Anti Dative wa Bukoba, mtu wa ndizi, alikuwa ameisoma barua hiyo kwa sauti kubwa bila kukwama.

Aliporudisha kopo, Valeria aliuliza swali moja tu, kwa sauti yake ndogo. "Anti, kanga mnazowapa maharusi mnanunua wapi?"

"Kwa Mzee Alimohamed Rahemtulla, kule Unionville. Alikuwa na duka la vitambaa Tanga. Siku hizi huagiza robota moja moja na kuuzia nyumbani. Mtu mwema! Kila nikienda ananipa chai, ananiuliza habari za binti, za mchumba, za familia. Namwambia yote. Juzi nimekaa saa mbili nikimweleza kwamba Shangazi ananinyima usingizi."

Jumamosi iliyofuata Valeria alipanda treni ya chini ya ardhi, kisha mabasi mawili, akashuka kwenye tope la theluji ya mwezi wa tatu mbele ya nyumba ya matofali mekundu. Njia nzima alikuwa akipanga sentensi tatu za adabu.

Mlango ulifunguliwa na mzee mwembamba mwenye sweta ya kahawia na miwani iliyoning'inia shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba. Ingia, usije ukaganda. Dative amenipigia. Wewe ndiye mdogo wake Gift, wa Muheza? Mimi wa Tanga mjini, barabara ya nane. Basi sisi ni majirani, binti, tumechelewa tu kutembeleana."

Alimtandazia kanga juu ya meza ya kulia, moja baada ya moja, akazigonga kwa kiganja kama mtu anayepiga farasi wake mgongoni. Valeria alichagua ya kijani kwa ajili ya Gift. Mzee akaikunja mara tatu kwa urefu na mara mbili kwa upana, pindo likitazama ndani. Akaifunga kwa ukanda mwembamba wa kitambaa, fundo lenye masikio mawili.

Valeria alikuwa ameliona fundo hilo likifunguliwa mara nane, kwenye kanga za Shangazi. Sentensi zote tatu zikamtoroka.

"Mzee," alisema, "tui zito huwekwa mwisho."

"Nini?"

"Kwenye barua ya Cherotich. Uliandika zito kwanza. Likichemka sana linakatika."

Mzee Alimohamed aliketi polepole. Hakukana. Alivaa miwani, akaivua.

"Linakatika kabisa?"

"Kama maziwa yaliyolala."

"Na huyo binti alipika?"

"Alipika. Mumewe akala yote."

"Maskini," mzee alisema. Kisha akatazama picha ya mwanamke aliyekuwa anacheka ukutani, na habari yote ikamtoka.

Yule alikuwa mkewe, Nilofar. Kiswahili alikizungumza kama maji, lakini kukiandika hakujifunza, maana aliandika Kigujarati tu. Kwa hiyo yeye alisema na mumewe akaandika. Alisimama jikoni akikaanga, akipaza sauti, na Alimohamed alikaa kwenye meza hii hii na kalamu. Jina hawakuweka kwa sababu Nilofar alisema wasichana wale hawamjui, wangeona ni mama wa Kihindi anayejitia mambo ya watu. Bila jina, kila binti angempa sura ya shangazi yake mwenyewe. Barua tano ziliandikwa hivyo. Nilofar akafariki mwezi wa kwanza mwaka 2008. Mwezi wa sita Dative akaja kununua kanga, akasema, tuna binti, sijui kama Shangazi ataandika.

"Nikaona nikinyamaza, Nilofar atakuwa amenyamaza," alisema. "Nikaandika. Nilidhani namjua. Tui zito, tui jepesi, nimemsikia akitaja hivyo miaka arobaini, kwa mpangilio huohuo."

"Alikuwa anahesabu anavyokamua," Valeria alisema taratibu. "Zito ndilo linalokamuliwa kwanza."

"Na mimi nilikuwa sebuleni." Mzee alitikisa kichwa. "Miaka minne namharibia jina mke wangu, mtu aliyeweza kupika hata jiwe. Basi, binti. Shangazi amekwisha. Tumwache apumzike. Kanga hii mpe dada yako, sitaki kitu."

Valeria alijikuta nje, kanga ya kijani kifuani, na basi la pili lilikuwa limefika kituo cha Victoria Park kabla hajaelewa vizuri alichofanya. Alikwenda kutafuta mwandishi kwa ajili ya insha yake, akampata, na kwa kumpata akamnyang'anya dada yake barua.

Jioni ile Gift alikuwa akipaka miguu mafuta, na furaha imemjaa.

"Unadhani Shangazi atasema nini kuhusu Samson anavyokoroma? Anti Dative lazima ameshamtangaza. Vale? Mbona hivyo?"

"Nina kazi ya chuo," Valeria alisema.

Wiki nzima hakulala vizuri. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Siku ya Ijumaa alinunua nazi tatu na samaki, akaitoa mbuzi ya kukunia nazi chini ya kitanda, ile ambayo mama yao alimfungia Gift kwenye sanduku alipokuja nchi hii, na Jumamosi asubuhi akapanda tena treni na mabasi mawili, mbuzi mapajani, watu wakiitazama wasijue ni kigoda au ni silaha.

"Mzee," alisema mlangoni, kabla woga haujamkumbuka, "nimekuja kukuonyesha tui."

Mzee Alimohamed aliitazama mbuzi. Alisogea kando.

Jiko la Nilofar lilikuwa safi kama jiko la dukani. Valeria aliketi juu ya mbuzi akakuna, mzee akasimama kizingitini mikono nyuma, kama mgeni. Na kwa kuwa mikono ilikuwa kazini, mdomo ukafunguka. Alimsimulia darasa lake. Alimsimulia vitabu vya Bibi Mmoja, na wasomaji na penseli zao.

"Waingereza nao?" mzee aliuliza.

"Hao ndio waliozoea hasa."

"Na wanaume wakaandika Bibi Mmoja?"

"Wako."

"Hawakuona haya?"

"Jina halikuwapo, mzee. Haya ingemshika nani?"

Mzee alicheka kidogo, kicheko kilichokosa mazoezi. Alikwenda sebuleni, akarudi na kanga akaikunjua mbele yake. "Haya maneno ya chini hapa. Nimeyauza miaka thelathini. Watu wameposana kwayo, wametukanana kwayo, mwanamke mmoja alimrudisha mumewe kwayo. Hakuna mteja hata mmoja aliyeniuliza nani ameyaandika. Lakini kanga haikosei kupika, binti."

"Basi kaa mezani," Valeria alisema. "Mimi nitapika, nitasema ninavyofanya. Wewe andika. Kama zamani."

Mzee aligeuka akatoka. Kisha Valeria akasikia droo ikifunguliwa, na kiti kikivutwa.

"Sema," sauti ilitoka sebuleni.

"Nazi nimeikamua," Valeria alisema.

"Sikusikii! Nilofar alikuwa anasikika mpaka kwa jirani."

"Nazi nimeikamua!" alipiga kelele Valeria, ambaye dereva wa basi humwuliza mara mbili. "Tui la kwanza nimeliweka kando! Ni zito, halitakiwi bado! La pili, jepesi, ndilo linaingia na samaki!"

"Polepole, kalamu si pikipiki! Endelea, Shangazi."

Wakaendelea. Alipofika kwenye kuonja, Valeria alikwama, maana kuonja walifundishwa na mama, na maneno ya mama hayakumjia sawasawa. Akatoa simu. Muheza ilikuwa jioni. Aliuliza swali la mchuzi tu, wala mama hakushangaa, akajibu kama kwamba mwanawe yuko chumba cha pili. Valeria akapaza sauti tena kuelekea sebuleni, neno kwa neno.

Kisha wakala. Mzee alikula sahani mbili, na ya pili alikula akiandika peke yake ukurasa wa mwisho, wa mambo ya mume, ambao hakutaka kumwonyesha mtu.

Insha Valeria aliimaliza usiku wa kuamkia Jumatatu. Alieleza yote isipokuwa jina. Ilirudi na alama nzuri, na chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, "Lakini wewe unamjua, sivyo?" Valeria alichukua penseli, akaandika pembeni, kwa herufi ndogo sana, "Ndiyo." Akaifungia kabatini.

Kitchen party ya Gift ilifanyika Jumamosi ya tatu ya mwezi wa nne, katika ukumbi wa chini wa maghorofa yao. Walikuja akina mama sitini. Kifurushi kilikuwa kimefika Jumatano, na Anti Dative alikilinda kama yai. Gift alikaa mkekani, ushungi usoni, magoti pamoja. Mahali pa mama mzazi palikuwa na mto mtupu. Valeria alisimama karibu na mlango na sahani zake.

"Nyamazeni, Shangazi anaongea!" Anti Dative alisema, akavaa miwani.

"Mwanangu Gift," alisoma. "Kwanza nikuombe radhi. Kuna mchuzi niliwahi kuufundisha vibaya. Nilikuwa na huzuni, na mwenye huzuni huweka zito mbele."

"Eeeh!" Cherotich aliruka kutoka kitini. "Mnasikia? Nilisema! Miaka mitatu mmekuwa mkinicheka!" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mtu akampa Cherotich kalamu, akaandika mchuzi wote nyuma ya kadi ya zawadi, akimwamuru Anti Dative arudie kila hatua. "Na ikikatika tena, nampeleka mahakamani!"

Anti Dative akasubiri, akaendelea. "Na ukifika kuonja, usionjee mwikoni. Mwiko una uongo, una ladha ya jana. Tia tone kiganjani, mwanangu. Kiganja chako hakijawahi kukudanganya tangu ukiwa mtoto wa kulamba sukari gizani."

Gift aliinua ushungi, jambo ambalo bibi harusi halifanyi. Macho yake yalivuka ukumbi mzima, vichwa sitini, yakatua mlangoni. Alikuwa analia na meno yote yako nje. Aligusa kiganja chake kwa kidole. Valeria, kwa kuwa mikono ilikuwa na sahani, aliinua rundo lote kidogo juu.

Ukurasa wa mwisho Anti Dative aliusoma polepole zaidi. "Samson wako anakoroma, nimesikia. Usimwamshe. Hesabu mikoromo, mwanangu, ulale nayo. Iko nyumba ambayo mtu angetoa kanga zake zote asikie mmoja." Hapo walilia. Kisha mama mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti, je, mikoromo ya mume wake angeweza kuibadilisha kwa doti ngapi, na wakacheka wakaanguka juu ya mkeka pamoja na bibi harusi.

Kwenye mfuko wa gauni la Valeria simu ilikuwa wazi tangu mwanzo. Kitchen party mwanamume haingii, hilo kila mtu analijua. Juu ya simu hakuna aliyewahi kusema kitu.

Vigelegele vilipoanza aliziweka sahani chini, akatoka kwenye ngazi, akaiweka simu sikioni.

"Mzee? Umesikia?"

Upande wa pili mtu alipenga kamasi.

"Wanacheka hivyo kila mara?"

"Kila mara, mzee. Tangu ya kwanza."

"Nilofar alisema labda wanatabasamu," Mzee Alimohamed alisema. "Miaka yote tulikuwa tunabishana, mimi na yeye, kama wanatabasamu." Akapenga tena. "Sikiliza. Dative anasema mwezi wa saba kuna binti mwingine, Lawrence Heights. Huyo anapenda maharage. Maharage mimi sijui kabisa."

"Nitakuja Jumamosi," alisema Valeria, na sauti yake ikapanda ngazi zote mpaka juu.